Namna ya Kuisoma Avenyu ya Zamani ya Lubumbashi kwa Miguu na kwa Daftari

Chagua avenyu moja tu. Katikati ya Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, zipo nyingi zinazostahili kutembelewa, kama Kasai, Kasavubu, Sendwe, Lomami, Tabora na Mama Yemo, na kosa la kwanza la watu wengi ni kutaka kuzipita zote kwa siku moja, wakarudi nyumbani na picha mia mbili ambazo baada ya mwezi hawajui tena zilipigwa wapi. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuitembea avenyu moja tangu mwanzo hadi mwisho, kulitazama kila jengo la zamani pamoja na kila sanamu na kila mchoro ulio wazi kwa umma, na kuyaandika aliyoyaona kwa namna itakayomfaa msomaji wa miaka thelathini ijayo. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na karibu yote ninayoyaeleza nimeyajifunza kwa kurudi mahali palepale mara nyingi.

Uwe na saa ya kupimia umri

Kabla hujatoka nyumbani, jipatie saa ya kupimia umri wa majengo, na mjini Lubumbashi saa hiyo ni shaba. Reli kutoka kusini, kupitia mji wa mpakani wa Sakania, ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Mwezi Juni 1911 kiwanda cha Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, kikamimina shaba yake ya kwanza. Tangu hapo, kila bei ya shaba ilipopanda wenye fedha walijenga, na kila ilipoanguka mafundi walifunga masanduku yao ya zana. Ndiyo maana majengo ya avenyu zetu hayakugawanyika sawasawa katika miaka: yamerundikana katika vipindi vichache, na kati ya vipindi hivyo kuna mapengo ambayo nayo yana habari.

Kipindi cha kwanza ni cha miaka ya 1910 na 1920. Alama zake ni tofali la kuchoma, paa la mabati lenye mteremko, msingi ulioinuliwa juu ya ardhi ili maji ya masika yapite, na baraza pana mbele ya mlango au kuizunguka nyumba yote. Neno baraza lenyewe liliingia katika Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo, wakaliandika barza, na mpaka leo wazee wa mjini hulitamka hivyo wanapozungumza Kifaransa. Kuelekea 1930 unaingia mtindo wa Art Déco, uliopata jina lake kutokana na maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1925, nao unatambulika kwa pembe za jengo zilizoviringwa, mistari ya mlalo inayopita usoni mwa jengo toka upande mmoja hadi mwingine, madirisha ya duara kama ya meli, na mapambo ya plasta yanayopanda kwa ngazi kuelekea katikati ya ukingo wa paa. Sinagogi ya Lubumbashi, iliyochorwa na msanifu Raymond Cloquet mwaka 1929 kwa ajili ya jumuiya ya Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, ni ya wakati huo.

Kisha linakuja pengo. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 uliiangusha bei ya shaba, Union Minière ikawapunguza wafanyakazi wake kwa maelfu, na mji ukanyamaza kwa miaka mingi. Ujenzi ulirudi kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa katika muda wa Mpango wa Miaka Kumi wa serikali ya kikoloni, wa 1949 hadi 1959, safari hii kwa zege, paa tambarare, nguzo nyembamba na vikinga-jua vilivyopangwa mbele ya madirisha kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa nusu. Jengo la 30 Juni, ambalo Claude Strebelle alilichora katika miaka ya 1950 liwe jumba la maonyesho ya jukwaani na ambalo baadaye likawa makao ya Bunge la Jimbo, ndilo mfano ambao kila mkaaji wa jiji anaufahamu. Pengo la pili linaanza shaba ilipoporomoka tena kuelekea 1975, nalo ni refu. Vioo na vibao vya aluminiamu unavyoviona leo vimekuja hasa baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 2002 kuwafungulia mlango wawekezaji wapya.

Saa hii haitakupa mwaka kamili wa jengo lolote. Itakupa swali la kuuliza. Ukikuta jumba la fahari ambalo sura yake yote ni ya 1932 au 1933, jiulize ni nani aliyekuwa na fedha wakati ambapo mji mzima haukuwa nazo, na mara nyingi swali hilo litakupeleka kwenye habari nzuri zaidi kuliko tarehe yenyewe.

Siku, saa na ruhusa

Nenda wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, kwa sababu mvua ikianza daftari halifunguki na kuta zilizolowa huficha rangi yake ya kweli. Jumapili asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, magari ni machache, maduka yamefungwa, na wachuuzi bado hawajatandika bidhaa zao chini ya matao. Pitia upande mmoja wa avenyu wakati wa kwenda, na upande wa pili wakati wa kurudi, ukilitazama kila jengo kutoka ng'ambo ya barabara. Ukisimama chini ya ukuta utaona tu mlango na bango.

Kuhusu picha, uwe mwangalifu kuliko unavyodhani inahitajika. Majengo ya serikali, kambi, benki na vituo vya reli hayapigwi picha bila ruhusa, na mtu anayesimama kwa dakika kumi akilitazama paa huonekana wa kutiliwa shaka hata kama mkononi ana penseli tu. Mwaka wangu wa kwanza nilikamatwa mbele ya ofisi moja, simu yangu ikashikiliwa mpaka jioni, na picha zote za asubuhi ile zikafutwa. Kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa sikuwa na karatasi yoyote ya kueleza ninachokifanya. Tangu siku hiyo napita kwanza kwenye ofisi ya komini, yaani manispaa, naeleza kazi yangu kwa maandishi, naomba barua iliyopigwa muhuri, na nakala yake naiweka ndani ya daftari pamoja na kitambulisho. Mahali ambapo ruhusa haikutolewa, chora kwa mkono ukiwa umekwisha kuondoka, kwa kukumbuka. Mchoro mbaya unaoonyesha idadi ya madirisha na umbo la paa unatosha.

Mlinzi wa jengo msalimie kabla hujainua macho kutazama juu. "Jambo papa, habari ya zamu?" kisha umweleze umekuja kufanya nini. Walinzi wengi ni watu wazima waliolala mlangoni pa jengo lilelile kwa miaka ishirini, wanajua paa linavuja wapi, ngazi ipi ilibomolewa, na mwenye nyumba wa zamani aliondoka lini. Mmoja wao alinionyesha kwa kidole nondo za madirisha za aina mbili katika ukuta mmoja: zile nyembamba zenye maua yaliyokunjwa ni za tangu jengo lilipojengwa, na zile nene zisizo na pambo ziliwekwa baada ya uporaji wa 1991. Mimi nilikuwa nimelipita jengo hilo mara kumi na nondo zote zilikuwa machoni pangu chuma tu.

Anza juu, shuka polepole

Hili ndilo ningependa msomaji alishike kuliko yote. Sehemu ya chini ya jengo la biashara hubadilika kila mpangaji anapobadilika: mlango unapanuliwa, kigae kinabandikwa, bango linapigwa misumari, ukuta unapakwa rangi ya kampuni ya simu. Juu ya ghorofa ya kwanza hakuna anayepanda kubadili kitu, kwa sababu kupanda kunagharimu na mteja hatazami huko. Kwa hiyo anza na paa. Je, ni mabati, vigae, au zege tambarare? Je, ukingo wake umenyooka au unapanda katikati? Je, kuna mlingoti wa bendera, na je, chini ya mlingoti huo kuna mahali pa maandishi pameachwa patupu au pamepigwa plasta? Shuka kwenye madirisha uyahesabu, uandike kama yamepangwa kwa ulinganifu pande zote mbili. Shuka kwenye balkoni, utazame kinachoizuia isianguke. Ndipo ufike kwenye baraza au matao, na mwisho kabisa kwenye kizingiti na sakafu, ambako vigae vya saruji vyenye rangi mara nyingi vimebaki salama chini ya vumbi kwa kuwa hakuna aliyeona faida ya kuving'oa.

Maandishi yaliyochongwa au yaliyobaki kama kivuli chini ya rangi ni ushahidi ulio bora kuliko mtindo, na kuyasoma kunahitaji kukumbuka historia ya majina. Jina Élisabethville lilitumika mpaka 1966, mwaka ambao mji ulirudishiwa jina la mto wake. Ukiona "Shaba" kama jina la jimbo la Katanga, au ukiona "Zaïre", basi maandishi hayo ni ya kati ya 1971 na 1997. "Union Minière" haipiti mwaka 1967, ilipotaifishwa na hatimaye kuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Herufi BCK ni za kampuni ya reli ya wakati wa ukoloni, na SNCZ, kampuni ya reli ya Zaïre, haiwezi kuandikwa kabla ya 1974. Lakini uwe makini, maana maandishi yanaonyesha umri wake yenyewe tu: ukuta wa 1925 unaweza kubeba bango la 1980. Andika vyote viwili katika mistari tofauti, usivichanganye.

Plasta ikiwa imebanduka, sogea karibu utazame tofali. Udongo wa Katanga una vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wake laini unaoshikana vizuri ndio ambao wafyatua matofali wa hapa wameupenda tangu zamani hadi leo. Unachomwa katika tanuru na kutoa tofali ambalo rangi yake huanzia chungwa hadi wekundu wa damu, kutegemea lilikaa wapi ndani ya moto. Angalia kama matofali yote yana kipimo kimoja, kama viungo vyake ni vyembamba, na kama fundi aliyapanga kwa mtindo wa kupishana urefu na upana. Kazi safi ya namna hiyo katika ukuta uliokusudiwa kufunikwa plasta inaonyesha kwamba yule fundi, ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliijali kazi ambayo alijua haitaonekana. Mimi hukaa mbele ya kuta hizo muda mrefu kuliko mbele ya nguzo za mbele zilizojengwa ili zisifiwe.

Jina la avenyu nalo liandike pamoja na majina yake ya zamani kadiri wazee watakavyokuambia. Tabora, kwa mfano, inaadhimisha mji wa Tanganyika ambao askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, wengi wao Wakongo, waliuteka mwaka 1916. Mtu anaweza kuishi juu ya avenyu hiyo miaka hamsini bila kuulizwa kwa nini inaitwa hivyo.

Sanaa iliyo wazi kwa wote

Sanamu za viwanja vya njia panda ziandike kwa utaratibu uleule, isipokuwa hapa anza na kitako. Kitako na sanamu vina historia mbili, kwa sababu serikali zinapopita ni sanamu inayoondoka na kitako kinabaki kikisubiri mwingine. Tazama kama mawe ya kitako yanalingana na umri wa sanamu, kama kuna mashimo ya misumari ya kibao kilichong'olewa, na kama maandishi ni ya lugha moja au zaidi. Sanamu ya Moïse Tshombe kwenye kiwanja cha Posta ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa kila anayepita ana la kusema kuhusu mtu aliyeiongoza Katanga ilipojitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na hayo wanayoyasema wapita njia yana haki ya kuandikwa kando ya vipimo vya sanamu, mradi usiandike majina yao bila idhini.

Usiishie kwenye shaba na jiwe. Lubumbashi ni mji wa wachoraji tangu Pierre Romain-Desfossés alipoanzisha karakana yake iliyoitwa Hangar mwaka 1946, ambamo Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari mifupi iliyopangwa kama msuko, na Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole. Baada yao wakaja wachoraji wa mtaani, ambao mamba muntu wao, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, alitundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za wafanyakazi. Mikono ya namna hiyo ndiyo inayochora leo kichwa kilichonyolewa kwenye ukuta wa kinyozi, kuku na samaki kwenye ukuta wa mkahawa, injini ya gari kwenye lango la karakana. Watu wengi wanaoandika kuhusu majengo huziruka picha hizi kwa kuziona ni matangazo, na ninaona ni kosa kubwa, kwa sababu ndizo sanaa ya umma inayotoweka haraka kuliko zote: ukuta unapakwa rangi upya, na mchoro uliochukua siku nne unafutika kwa saa moja. Zipige picha zote, na kama mchoraji ametia sahihi, inakili kama ilivyo. Tangu 2008, biyenale, yaani maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, iliyoanzishwa na kituo cha sanaa kiitwacho Picha imeleta kazi za wasanii wa sasa katika jiji hili, na baadhi ya wasanii hao, Sammy Baloji akiwa mmojawapo, wamefanya majengo ya ukoloni na viwanda vya shaba kuwa kiini cha kazi zao. Ukiyatazama majengo baada ya kuziona kazi hizo, utaona mambo ambayo hukuyaona.

Tembea mpaka avenyu inapokwisha, hata kama majengo mazuri yamekwisha kitambo. Mji huu uligawanywa kwa makusudi: upande mmoja mji wa Wazungu, uliopangwa kwa mistari iliyonyooka kama ubao wa drafti wakati wa Émile Wangermée, mtawala wa kikoloni wa Katanga, upande wa pili makazi ya Waafrika, na katikati ukanda mtupu ambao haukuruhusiwa kujengwa. Ukitoka katikati ya jiji kuelekea Kamalondo, iliyoitwa Albert, angalia ni wapi viwanja vinabadilika ukubwa, ni wapi baraza zinakuwa nyembamba, ni wapi miti ya jakaranda inakoma. Mahali pa mpaka huo pamejengwa leo, lakini umbo lake linaonekana bado kwa anayehesabu hatua zake, na orodha ya majengo mazuri isiyoutaja mpaka huo itakuwa imeacha nje sababu iliyoyafanya yawe mahali yalipo.

Kuandika na kuhifadhi

Kila jengo lipewe ukurasa wake. Juu kabisa weka tarehe ya siku uliyolitazama, kisha pembe ya avenyu mbili zilizo karibu, maana namba za nyumba hubadilika na nyingine hazipo. Fuatisha uliyoyaona kutoka juu hadi chini, kisha maandishi, kisha hali ya jengo, kisha uliyoambiwa na nani kwa cheo chake tu: mlinzi, mpangaji, mwenye duka. Ulichokiona kwa macho na ulichokisikia vikae mbali, na dhana yako mwenyewe iwekee alama ya kuuliza. Majina ya faili za picha yafuate namba ya ukurasa, na nakala uzihifadhi mahali pawili tofauti, kwa kuwa simu huibiwa.

Fanya hivyo siku ileile. Kulikuwa na duka moja la pembeni, lenye pembe iliyoviringwa na madirisha ya duara chini ya paa, ambalo nililipenda tangu utotoni kwa sababu mama alikuwa akinisimamisha hapo tukisubiri basi. Katika orodha yangu nililiacha mwisho, nikiamini kwamba haliwezi kwenda popote. Niliporudi baada ya msimu mmoja wa mvua nililikuta limevikwa vibao vya aluminiamu vya kijivu tangu paa hadi baraza. Madirisha yale labda bado yapo nyuma ya vibao. Nilichobaki nacho ni mchoro nilioufanya kwa kumbukumbu, na sina hakika hata kama madirisha yalikuwa matatu au manne.

Ukimaliza avenyu yako, chapisha nakala tatu. Moja ipeleke Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ambayo imekuwapo tangu 1937, na nyingine Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako wanafunzi wa historia huitafuta habari ya namna hii bila kuipata. Ya tatu ichane kurasa zake, umpelekee kila mwenye nyumba au mlinzi ukurasa wa jengo lake pamoja na picha. Mzee mmoja niliyempelekea ukurasa wake aliusoma akiwa amesimama barabarani, akanirudishia penseli, akanionyesha mahali nilipokosea: ngazi ya nyuma haikuwa ya mbao kamwe, ilikuwa ya chuma, na ilikatwa ikauzwa.